Damu Iliyotayarishwa

Kwa miaka kumi na mitatu niliamini kwamba ninaijua damu ya mama yangu. Nilikuwa nayo katika daftari la jalada gumu, safu nne kwa kila ukurasa: tarehe, saa, kiwango cha sukari, na maoni. Safu ya maoni ilibaki tupu kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hapakuwa na la kusema. Sita nukta nne. Sita nukta tisa. Sita nukta sita. Mwanamke mwenye kisukari, aliyevuka miaka sabini, anayeishi kwenye mteremko wa Mwika ambako ndizi huingia katika kila chungu, alikuwa na damu ambayo kliniki yoyote ingeipongeza.

Kazi yangu ya maisha imekuwa kusoma hati. Nilifundisha Kilatini na uhakiki wa maandiko ya kale katika seminari moja hapa Moshi hadi nilipostaafu, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi wapya jambo lile lile: hati isiyo na kosa hata moja haiwezi kuwa hati ya kwanza, kuna mkono umeipitia. Mwandishi wa kweli huchoka, huruka mstari, hudondosha wino. Ukikuta ukurasa safi kupita kiasi, uliza nani aliusafisha na kwa nini. Hayo niliyasema kwa miongo mitatu. Kisha, Jumamosi ikifika, nilikuwa nikipanda hadi kwa mama, nikifungua daftari langu lililo safi kupita kiasi, na sikuuliza.

Mimi ndiye kitindamimba. Kwa desturi yetu, kihamba cha wazazi, yaani shamba la ukoo, humwangukia mtoto wa mwisho wa kiume, pamoja na nyumba, migomba, makaburi, na mama mwenyewe. Kihamba nilikipokea. Mama nilimwachia shemeji yangu, mjane wa kaka yangu, mimi nikabaki mjini kwenye vitabu. Ziara za Jumamosi, mara mbili kwa mwezi, na safari ya kliniki kila mwanzo wa mwezi, ndizo nilizojihesabia haki kwazo.

Nilihakikisha nafika kabla hajanywa chai. Alikuwa akinisubiri sebuleni, amekwisha kuoga, kanga safi mabegani, mkono umenyooshwa juu ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Njoo unitoboe."

Nilimtoboa kidole, nikakamua tone, nikalifikisha kwenye kijiti cha kupimia, na sote wawili tukaitazama ile mashine ndogo ikihesabu.

"Nimepata ngapi?"

"Sita nukta saba."

"Nimefaulu?"

"Umefaulu, mama."

Shemeji alikuwa akisimama mlangoni na beseni lake. "Mama huyu ni daraja la kwanza kila mwaka," alisema siku moja. "Sisi wengine tungeshafukuzwa shule."

"Wewe usingeandikishwa kabisa," mama alimjibu. "Ungekuta lango limefungwa na mlinzi amelala."

Tulicheka, nami nikaandika. Nakumbuka jinsi nilivyoiandika ile saba: kwa wino mweusi, taratibu, na mstari mfupi katikati, kama tulivyofundishwa. Nakumbuka pia kwamba mama hakuwa akiutazama mkono wangu ukiandika. Alikuwa akiutazama uso wangu.

Miaka miwili kabla ya mambo haya kuvunjika, daktari wa kliniki, binti mpole anayezungumza na wazee kama anayewaomba ruhusa, alipendekeza kipimo kingine. Alinieleza kwa uvumilivu. Sukari iliyomo kwenye damu, alisema, hujishikiza kwenye chembe nyekundu, na ikishajishikiza haibanduki hadi chembe ile ife. Kwa kuwa chembe hizo huishi takriban miezi minne, mtu akizipima anaona wastani wa takriban miezi mitatu iliyopita. Kipimo cha kidole, kwa upande mwingine, huonyesha dakika ile tu.

Nililiweka daftari mezani kwake na kulifungua.

"Mzee, hii ni kazi nzuri sana," alisema akifunua kurasa. "Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa na mtoto kama wewe. Lakini hata hivyo ningependa..."

Nilimwambia, kwa adabu, kwamba sioni haja ya kumtoboa mama mkono kwa ajili ya jambo tunalolijua tayari. Mama aliitikia kwa kichwa, haraka kuliko kawaida yake. Niliuona uharaka ule nikaufasiri kuwa hofu ya sindano kubwa. Daktari aliandika kitu kwenye faili, akatutakia safari njema.

Mwezi wa saba kwetu ni mwezi wa ukungu. Unashuka kutoka msituni alfajiri na kukaa juu ya migomba hadi adhuhuri, na wazee hurudi kwenye jiko la zamani, lile la mafiga matatu, hata kama ndani ya nyumba kuna jiko la gesi. Jumamosi moja ya mwezi huo, baada ya kipimo, tulihamia huko watu watatu. Mama alikaa kwenye kigoda karibu na moto, amevua kandambili, nyayo zake amezielekeza kwenye mawe. Shemeji alikuwa ameinjika ndizi kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa na daftari, kwa sababu mama aliomba nimsomee mwaka huo tangu mwanzo.

Nilimsomea. Januari, Februari, Machi. Nilisoma kwa sauti ile niliyoitumia kusomea matokeo ya mtihani, na kila baada ya miezi miwili nilitaja wastani, niliokuwa nimeukokotoa pembeni kwa penseli.

"Shemeji, ndizi zinashika chini," nilisema nilipofika Aprili.

Alifunua chungu, akakoroga. "Hapana, maji bado yamejaa."

Niliendelea. Mei ilikuwa nzuri kuliko miezi yote. Harufu ilirudi, nzito zaidi, kama ya nyama iliyoangukia majivuni, na nilidhani kuna mfupa umetupwa motoni. Nilisoma Juni. Ndipo shemeji alipoinama kuchukua mwiko, akatazama chini.

"Mama! Mguu!"

"Una nini?" mama aliuliza.

Alishusha macho. Unyayo wa kushoto ulikuwa umekaa juu ya figa lenyewe, upande uliokuwa mwekundu. Hakuutoa kwa ghafla. Aliuondoa taratibu, kama mtu anayesogeza kiti kisikwaruze sakafu, na sehemu ya ngozi ilibaki kwenye jiwe. Uso wake haukuonyesha maumivu yoyote. Ulionyesha aibu, ya mtu aliyekutwa katika jambo lisilofaa mbele ya mgeni.

"Basi ndiwe uliyekuwa unanuka," aliuambia mguu.

Tulimshusha mjini saa ile ile. Katika wodi, kabla ya jambo lingine lolote, muuguzi mmoja wa makamo alileta kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni mwishoni.

"Bibi, fumba macho. Kila ukisikia nimekugusa, sema 'ndiyo'."

Aliupima kwanza mguu mzima, wa kulia. Alipogusa karibu na goti, mama alisema ndiyo. Alipogusa muundi, alisema ndiyo. Alipogusa kidole gumba, kimya. Akagusa kisigino, kimya. Kisha muuguzi akaurudisha mkono wake na kusubiri bila kumgusa popote.

"Ndiyo," alisema mama.

Muuguzi hakumsahihisha. Alisubiri tena, mkono ukiwa hewani.

"Ndiyo," mama alirudia, kwa sauti ya mwanafunzi hodari. "Hapo nimesikia vizuri."

Muuguzi alinitazama juu ya kichwa cha mama. Sijawahi kusomwa kwa haraka namna ile na mtu yeyote. Kisha akasema, "Asante bibi, umejitahidi," na kuondoka na kijiti chake.

Damu ilichukuliwa siku iliyofuata, mkononi, mirija minne. Majibu yalipotoka, daktari yule yule mpole aliniita ofisini peke yangu. Kile kipimo cha miezi mitatu kilisoma asilimia tisa nukta nane, wakati lengo ni chini ya saba.

Nilifanya kile ambacho msomi hufanya anapoonyeshwa ushahidi asioutaka: niliushambulia. Nikauliza kama upungufu wa damu hauwezi kukipotosha kipimo. Alisema unaweza, na kwamba kwa sababu hiyo alikwisha kuangalia wingi wa damu, akaukuta uko sawa. Nikauliza kama maambukizi ya kidonda hayawezi kupandisha sukari. Alisema yanaweza, kwa siku chache. Lakini hayawezi kurudi nyuma na kuandika miezi mitatu. Alitumia neno hilo, kuandika, nadhani kwa ajili yangu.

Kisha alinipitisha kwenye majibu mengine, na ninayaweka hapa kwa mpangilio wake, kwa kuwa ni hati sahihi ya kwanza niliyowahi kuisoma kuhusu mama. Mafuta kwenye damu yalikuwa juu. Figo zilikuwa zimeanza kupitisha protini kwenye mkojo, ishara kwamba mishipa midogo imeharibika, na mishipa midogo ndiyo inayolisha mishipa ya fahamu. Vitamini B12 ilikuwa chini sana. Na hapo alisita kidogo, kwa sababu vidonge vile vile vinavyoshusha sukari, vikimezwa kwa miaka mingi, huweza kuipunguza vitamini hiyo, hasa kwa mtu anayekula nyama mara chache. Umri ulihesabika. Miaka ya ugonjwa ilihesabika. Mwishoni akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Bibi alikuwa mrefu, siyo?"

Alikuwa mrefu. Katika picha za kwaya ya usharika amesimama mstari wa nyuma pamoja na wanaume, na alijivunia jambo hilo maisha yake yote. Daktari alieleza kwamba mishipa ya fahamu iendayo miguuni ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, na iliyo mirefu ndiyo inayotangulia kufa. Mtu mrefu ana njia ndefu zaidi ya kuilinda. Kwa hiyo hata kimo chake, kitu pekee alichojivunia bila kuomba radhi kwa Mungu, kilikuwa upande wa ugonjwa.

Shemeji alinisubiri kwenye korido. Alikuwa ameliona daftari kwapani mwangu na uso wangu juu yake.

"Shemeji, usimkasirikie," alisema. "Alikuwa anajitayarisha."

"Anajitayarisha na nini?"

Akanieleza, akitazama sakafu. Watu wa rika la mama walilelewa kwamba Meza ya Bwana haiendewi ovyo. Unajiandikisha kwa mzee wa kanisa, unapatana na jirani uliyegombana naye, unajinyima, unaungama. Siku mbili tatu unajisafisha, ndipo unapokaribia. Kufika pale na uchafu wako ni kumdharau aliyekualika. Mama aliichukua desturi hiyo na kuihamishia kwenye kliniki, na baadaye kwenye Jumamosi zangu. Kuanzia Jumatano aliacha ndizi mbivu, aliacha kiburu cha ndizi na maharage, aliacha chai ya sukari. Alikula mboga chungu ya mnafu na maji, na vidonge alivimeza kwa saa zake zote. Jumamosi mchana chungu kilirudi mezani, na vidonge vikarudi kabatini.

"Gari lako likishapita kona ya kanisani," shemeji alisema, "anasema, 'Haya, mwalimu ameshuka. Leteni chakula.'"

"Nawe ukanyamaza miaka yote?"

"Ningesema nini? Wewe ulikuwa unafurahi, yeye anafurahi. Mimi ni mjane kwenye kihamba cha watu."

Nilirudi wodini. Mama alikuwa macho. Aliponiona alijua, akavuta shuka hadi kidevuni.

"Kwa nini, mama?"

"Ulisema unaandika," alijibu. "Nani anataka kuandikwa vibaya na mwanawe?" Kisha, kwa ukali kidogo: "Na sikulelewa kwenda mezani na uchafu. Kama wale madaktari walitaka kuuona uchafu, wangesema."

Walisema. Mimi ndiye niliyewanyamazisha. Sikumwambia hivyo siku ile, na daftari sikulichoma, ingawa lilinijia wazo hilo. Hati ya uongo bado ni hati: inaeleza kweli kuhusu yule aliyetaka kuisoma.

Wiki sita tulipigania ule mguu. Kila asubuhi walifungua bandeji, wakaosha, wakakata kilichokufa, na mama akazungumza na muuguzi kuhusu bei ya mbolea wakati mkasi unafanya kazi ndani ya nyama yake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimwita shujaa. Alinong'ona kwangu: "Wanadhani navumilia." Kidonda kilishuka hadi kwenye mfupa. Siku ya mwisho ya mwezi wa nane daktari aliketi kitandani, akamshika mkono, akasema mguu utakatwa chini ya goti, ama sivyo sumu itapanda.

Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Mkishaukata, unakwenda wapi?"

Daktari alisema hospitali ina utaratibu wake. Viungo vinavyoondolewa huchomwa kwenye tanuri.

"Hapana," alisema mama. "Umeshaungua mara moja. Inatosha."

Kwa hiyo niliurudisha nyumbani. Niliupokea kwenye boksi, umefungwa kwa plastiki, nikatia sahihi, na shemeji akauzungushia kitenge kipya juu ya plastiki kwa sababu alisema hauwezi kuingia kihambani uchi. Alikaa nao mapajani njia nzima. Sikuwahi kufikiri kwamba mguu una uzito kiasi hicho. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu alitukuta tayari tunachimba kati ya migomba, pembeni ya kaburi la baba. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mwalimu, hapa nisome nini?" aliniuliza. "Kitabu cha ibada hakina sehemu hii."

Nikampigia mama simu wodini. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini timamu.

"Mwambie asisome kitu. Bado sijafa. Muuzike kimyakimya. Na wewe uuweke mbali kidogo na baba yako, usije ukampiga teke. Alikuwa na usingizi mwepesi."

Shemeji alicheka hadi akakaa chini kwenye udongo, na alipokuwa amekaa pale kicheko kiligeuka, akaweka kanga usoni. Mzee wa kanisa alitusaidia kufukia. Sikuweka alama yoyote juu yake. Baadaye nilijua kwamba lilikuwa kosa, kwa kuwa mama aliporudi, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya migomba, alitaka kupaona, nami sikuweza kumwonyesha kwa uhakika wa zaidi ya hatua mbili.

Sasa ninaishi Mwika. Niliipangisha nyumba ya mjini, vitabu vimo kwenye maboksi sebuleni na unyevu unavila. Kipimo cha miezi mitatu kinafanyika kwa wakati wake. Mara ya kwanza kilishuka kidogo, mara ya pili kikapanda. Sindano za vitamini anachomwa. Daktari amenieleza bila kunificha: mishipa iliyokwisha kufa hairudi, na mguu uliobaki una umri ule ule, urefu ule ule, na damu ile ile. Kilichobaki ni kuutazama. Kila asubuhi napiga magoti mbele yake na beseni la maji ambayo nimeyajaribu kwa kiwiko changu, kwa kuwa mguu wake hauwezi kuyajaribu. Nauosha, naukausha kati ya vidole, natafuta mkwaruzo, na yeye ananitazama kichwani kutoka juu. Hivi karibuni nilikuwa mjini siku kumi na tano kwa shughuli ya kuhamisha mizigo iliyobaki, na kazi hiyo akaifanya shemeji, ambaye macho yake si mazuri.

Jumamosi iliyopita, asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, niliukuta ufa kwenye kisigino. Ulikuwa mfupi kuliko punje ya mchele, lakini kingo zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe, na ndani mlikuwa na unyevu. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu jana," alisema.

Nilibaki nimeushika. Shemeji, aliyekuwa akimenya ndizi karibu na mlango, aliacha kumenya. Mama aligeuza uso kuelekea nje, kwenye ukungu, na midomo yake ikawa inachezacheza kama ya mtu anayetafuta neno katika lugha aliyojifunza ukubwani.

"Siyo jana," alisema. "Niliona damu kwenye soksi wiki mbili zilizopita. Na leo asubuhi nimekula ndizi mbivu tatu."

"Nne," alisema shemeji.

"Nne."

Nikaufunga mguu kwa kitambaa safi, nikaenda kuwasha gari. Shemeji alikaa naye kiti cha nyuma, ameupakata juu ya mto, nami niliteremka taratibu sana, nikikwepa kila shimo la barabara kana kwamba mama angeweza kulihisi.